Mbuni Mbuga ya Nairobi: geti lipi, saa ngapi, na gari dogo litafika?

mama_wawili aliuliza:

Wadau, salaam. Katikati ya Septemba nataka kuwapeleka wanangu wawili (miaka 9 na 12) Mbuga ya Nairobi siku ya Jumapili. Simba tukimkuta sawa, tusipomkuta sawa. Wanachotaka ni kumwona mbuni wa porini, si wa shambani, na ikiwezekana dume na jike mahali pamoja. Gari ni Toyota dogo la kawaida, si fowili. Tuna darubini moja ya 8x42 na simu.

Niingie geti lipi? Saa ngapi? Mbuni hutafutwa vipi kwenye uwanda mkubwa namna ile, maana tulipouliza tuliambiwa "mtawaona tu barabarani". Na Septemba kuna uwezekano wa kuona kiota au vifaranga?

---

Nyika_Kavu alijibu:

Karibu dada. Ingia East Gate, ile ya upande wa Mombasa Road, na uwe getini kabla ya saa 12 asubuhi ili likifunguliwa upite na wa kwanza.

Sababu ni hii. Watu wengi huingia Main Gate ya Lang'ata kwa kuwa ndiyo wanayoijua, halafu saa ya kwanza ya asubuhi, ambayo ndiyo bora kuliko zote, inaishia msituni. Upande wa magharibi wa mbuga ni miti, na mbuni hana kazi na miti. Usalama wake ni kuona adui kutoka mbali na kukimbia, hadi kilomita 70 kwa saa akibanwa, kwa hiyo hukaa penye nyasi fupi na upeo mrefu. Nyasi hizo ziko mashariki na kusini-mashariki, kuelekea bwawa la Athi Basin. Ukiingia East Gate uko karibu nazo tangu mwanzo, tena jua la asubuhi linakuwa mgongoni unapotazama magharibi. Anayetoka Main Gate saa hiyo anaendesha akilikabili jua, na kila ndege mbele yake ni kivuli cheusi kisicho na rangi.

Sasa namna ya kutafuta. Kuendesha huku na huku ukitumaini kumkuta barabarani ni kupoteza mafuta. Tafuta sehemu ya barabara iliyoinuka hata kidogo, simama pembeni, zima injini, subirini dakika kumi. Mmoja ashike darubini aanze kwenye upeo wa macho, aipeleke polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ashuke chini kidogo arudi kulia kwenda kushoto. Kwa macho matupu mbuni wa mita 800 hana tofauti na kisiki.

Dume ndiye wa kuanza naye. Ni doa jeusi lililoinuka juu ya nyasi, na akigeuka linamulika jeupe pembeni, yaani manyoya ya bawa na mkia. Nyati naye ni mweusi kwa mbali, lakini weusi wake umekaa chini na ni mpana, na mara nyingi wako wengi. Pundamilia kwa mbali huonekana wa kijivu. Ukishampata dume, usihamishe gari. Kagua mita 200 hadi 300 kumzunguka, maana majike ni wa rangi ya kijivu-kahawia kama nyasi zenyewe za Septemba na hutawaona mpaka watembee. Angalia pia makundi ya kongoni, swala na pundamilia, kwani mbuni hupenda kulisha karibu nao.

Ikifika saa 4 asubuhi ardhi imepata joto na hewa inaanza kucheza. Miguu ya mbuni inapotea, mwili unaelea, na darubini ndiyo kwanza inakuza huo mtetemo. Hapo pumzikeni, mrudi kutafuta kuanzia saa 10 alasiri.

Kanuni ya mbuga ni kukaa angalau mita 20 kutoka kwa mnyama. Kwa mbuni mimi nasema mara mbili au tatu ya hiyo. Akiacha kula, akanyoosha shingo wima na kukutazama, tayari umefika mwisho wa ukaribu anaoukubali. Zima gari papo hapo, na baada ya dakika chache atainama tena kula. Ukisogea mita kumi zaidi ataondoka, na akiondoka hutamfuata, kwa sababu kutoka nje ya barabara ni marufuku.

---

fundi_wa_tope alijibu:

Kuhusu gari: Septemba kavu, Toyota dogo linatosha kwenye barabara kuu za moramu. Tatizo ni njia ndogo za udongo mweusi huko huko kwenye nyanda za mbuni. Zikikauka zina mifereji migumu iliyoachwa na magari makubwa wakati wa mvua, na gari lenye tumbo la chini hukwaruza katikati. Weka tairi upande mmoja juu ya tuta la katikati na upande mwingine ukingoni mwa barabara, usiingize tairi zote mbili mferejini. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na kwa mashimo yale wenyewe hamtataka hata 30.

Ikiwa imenyesha usiku, hata kidogo, achana kabisa na njia hizo. Udongo ule ukilowa unajaza meno ya tairi na tairi linageuka sabuni. Kosa linalowakwamisha watu ni kukanyaga mafuta wakihisi gari linazama: gurudumu linachimba, tumbo linakaa juu ya udongo, na kwisha. Rudi nyuma taratibu kwa alama zako mwenyewe mara tu unapohisi usukani umekuwa mwepesi. Kumbuka huwezi kushuka kusukuma. Kushuka kunaruhusiwa kwenye maeneo yaliyotengwa tu, kama mahali pa kuchomea pembe za ndovu, Impala Observation Point au Hippo Pools, ambapo pia kuna vyoo. Kwa hiyo andika namba ya simu ya geti kabla ya kupita, na tairi likipasuka piga simu uombe askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) asimame nanyi wakati spea inafungwa.

Mengine ya haraka:

- Malipo ni ya mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Getini hawapokei noti. Lipa nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, si pale getini foleni ikiwa nyuma yako.
- Beba kitambulisho halisi. Bila hicho huna namna ya kudai kiwango cha raia.
- Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga za Kenya tangu Juni 2020. Tumia chupa za chuma au zile ngumu za kujaza tena.
- Jaza mafuta mjini, ndani hakuna kituo.

---

Lango_Kuu alijibu:

Nakubaliana na Nyika_Kavu kuhusu asubuhi, lakini asiitupe Main Gate moja kwa moja. Kwa anayekaa Rongai, Karen au Lang'ata, kuzunguka hadi Mombasa Road ni safari nyingine. Na alasiri mambo yanageuka: jua liko magharibi, kwa hiyo anayetoka Main Gate kwenda mashariki ndiye mwenye mwanga mgongoni. Wenye nusu siku ya alasiri tu waingie huko, wapite msituni bila kusimama, waende moja kwa moja nyandani. Mama wawili kwa kuwa ana siku nzima, aingie East Gate asubuhi atoke Main Gate jioni. Hesabu muda wa kutoka. Msifukuzane na giza wala na geti.

Tahadhari nyingine: kwenye Safari Walk na kituo cha wanyama yatima pale Main Gate mtu hutembea kwa miguu na huonyeshwa wanyama wa kufugwa. Si mbaya kwa watoto, ila asije mtu akauza hiyo kama "mbuni wa mbugani".

---

kiota_na_yai alijibu:

Swali la kiota na vifaranga halijajibiwa, nami naona ndilo lenye utamu.

Septemba ni wakati mzuri. Mbuni wa upande huu kwa kawaida hutaga kiangazi, ili vifaranga wakute nyasi changa za mvua za vuli. Kwa hiyo mna nafasi kubwa ya kuona madume wakiwa katika rangi zao za kujamiiana na labda mbuni aliyelala kiotani. Vifaranga tarajieni zaidi kuanzia Oktoba na kuendelea, ingawa wa mapema huweza kuwepo.

Dume wa Kimasai, ambaye ndiye wa Nairobi, wakati huo shingo na mapaja yake huwa ya waridi iliyoiva, karibu nyekundu. Nje ya msimu ngozi hiyo hufifia. Mkimwona ameketi juu ya magoti, akifungua bawa la kushoto kisha la kulia kwa zamu huku shingo ikiyumba na kichwa kikigonga ubavu huku na huku, anamchezea jike. Mtafuteni huyo jike karibu: jike aliyekubali huinamisha kichwa chini, hutetemesha ncha za mabawa na kufungua na kufunga mdomo. Na alfajiri mkisikia ngurumo nzito ya mafungu matatu kutoka nyandani, msikimbilie kusema simba. Dume wa mbuni hujaza hewa shingoni akiwa amefumba mdomo na kutoa sauti inayowababaisha hata wazoefu.

Kiota chenyewe ni shimo la kina kifupi ardhini, upana wake unaweza kufika mita 3, bila majani wala vijiti. Jike mkuu hutaga kwanza, na majike wengine kadhaa huja kutaga humo humo kisha hujiondokea. Wanaoatamia ni wawili tu: jike mkuu mchana, ambaye rangi yake inafanana na nyasi, na dume usiku, ambaye weusi wake hauonekani gizani. Kazi hiyo huchukua kama wiki sita. Mwili wa ndege mmoja hufunika takriban mayai 20, kwa hiyo yakizidi jike mkuu huyasukuma ya wenzake nje hadi yanazunguka kiota kama mita moja au mbili. Anayatambua yake. Mkiona mayai yametapakaa pembeni, msidhani fisi ameyatawanya.

Ajabu nyingine ni weupe wa mayai. Yai la mbuni lina uzito wa karibu kilo 1.4 na linaonekana kutoka mbali sana kabla wazazi hawajaanza kulilalia. Brian Bertram, aliyechunguza viota vya mbuni Tsavo Magharibi, alijaribu na mwenzake kupaka mayai rangi ya kahawia. Hayakuonekana kirahisi na maadui, lakini yalipata joto kupita kiasi juani. Weupe una gharama yake, ila joto lingeua yote.

Jinsi ya kumtambua jike aliyelala: tafuta kichuguu kisichokuwa na majani, chenye ncha moja inayosogea. Akihisi hatari hulaza shingo chini sambamba na ardhi. Ndipo hadithi ya kuficha kichwa mchangani ilipozaliwa, pamoja na ile desturi ya kuinama kiotani kugeuza mayai kwa mdomo. Mkimpata, msisimame mbele yake kwa muda mrefu. Akiinuka kwa woga mchana, mayai yanabaki juani na mbweha wanajua maana ya mbuni anayetembea mbali na shimo.

Na dume akianza kukimbia kwa kuyumba, bawa moja limening'inia kana kwamba limevunjika, msimtazame yeye. Anawavuta macho. Rudisheni darubini alikotokea: vifaranga wako hapo, wamejibana chini kwenye nyasi, wa rangi ya mchanga wenye mabaka na manyoya yaliyosimama kama miiba. Umri mnaweza kuukadiria kwa kimo, maana miezi ya kwanza hukua haraka sana. Msishangae kuona wazazi wawili na vifaranga 30 au zaidi wa vimo tofauti. Familia zikikutana, jozi yenye nguvu huwanyakua watoto wa wenzao na kuwachanganya na wao.

Neno la usalama: teke la mbuni hupigwa kwenda mbele na kushuka, lina ukucha mkubwa, na dume mwenye vifaranga hana mzaha. Ndani ya gari mko salama. Kwenye eneo la kushukia, mbuni akikaribia, watoto waingie garini kwanza, picha baadaye. Msimrushie kitu chochote cha kula. Humeza mawe kwa ajili ya kusaga chakula tumboni, na kwa tabia hiyo hiyo humeza sarafu, vifuniko na misumari.

Unyoya au ganda la yai mkiliona liacheni. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu hivyo ni nyara, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa hata kama uliviokota tu.

---

mama_wawili aliandika:

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Mawili yamebaki. Mkubwa anauliza kama Kenya ina ndege mwingine asiyeruka zaidi ya mbuni, na mbuni wa shingo ya buluu aliyemwona kwenye picha yuko wapi. Mimi nauliza picha: simu ya kawaida itatoa chochote?

---

Isiolo_Kwetu alijibu:

Huyo wa buluu ni mbuni wa Kisomali, dada, na Nairobi hutamwona. Njooni huku Samburu, Buffalo Springs au Shaba. Zamani alihesabiwa kama jamii ndogo ya mbuni wa kawaida, lakini tangu 2014 BirdLife, shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, inamhesabu kuwa spishi kamili, na yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Shingo na mapaja ya dume ni ya kijivu-buluu, na msimu ukifika rangi hukolea huku mdomo na sehemu ya mbele ya miguu ikiwa ya waridi. Mkia wake ni mweupe safi, wa Kimasai mara nyingi una uchafu wa kahawia. Hupendelea vichaka zaidi na hula majani ya vichaka, kwa hiyo mara nyingi mtamwona peke yake au wawili, akichungulia juu ya miiba.

Majike ni vigumu kuwatofautisha. Angalieni dume aliye naye. Na jihadharini na dume wa Kimasai asiye msimuni akiwa kivulini: shingo iliyofifia huonekana ya kijivu, mtu akaapa ameona wa Kisomali pale Athi Basin.

---

Mzee_wa_Kreta (Arusha) alijibu:

Mwambie kijana kwamba Kenya, na kwetu Tanzania pia, mbuni ndiye pekee asiyeruka kabisa. Wapo wengine wanaotembea siku nzima mpaka watu wanawadhania hawaruki: karani tamba mwenye miguu mirefu na kishungi cheusi, tandawala mkubwa ambaye dume lake hufika kilo 18, mumbi mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni, kanga wa madoa. Wote hao ukiwatisha vya kutosha wataruka. Tandawala atakimbia kwanza, kisha atainuka kwa shida.

Kipimo kiko ndani, kwenye mfupa wa kifua. Wa ndege arukaye una ukingo uliochomoza ambao misuli ya mabawa hushika. Wa mbuni ni bapa. Manyoya yake nayo hayana vile vikulabu vidogo vya kushikanisha nyuzi, ndiyo maana yananing'inia na mvua humlowesha. Mabawa yamebaki kwa kazi nyingine: kujisawazisha anapokata kona mbioni, kumchezea jike, kuwapa vifaranga kivuli.

Akitaka wa pili katika Bahari ya Hindi, yuko kisiwa cha Aldabra, Shelisheli: ndege mdogo wa kahawia mwenye koo jeupe, mdogo kuliko kuku. Huyo ndiye wa mwisho asiyeruka aliyebaki katika visiwa vya tropiki vya bahari hii. Kwa kuwa nauli ya Aldabra si ya Jumapili, mbuni anatosha. Huku kwetu mnaweza kumwona kirahisi ndani ya kreta ya Ngorongoro, kwa kuwa nyasi ni fupi.

---

picha_za_simu alijibu:

Simu itafaa ukiitumia pamoja na darubini yako. Mtoto mmoja ashone au afunge soksi nene iliyojazwa kilo moja ya maharagwe, iwekeni juu ya kioo cha mlango kilichoshushwa nusu, darubini ikae juu yake. Shusha kikombe cha jicho cha darubini (ule mpira wa upande wa kutazamia) mpaka chini, sogeza kamera kuu ya simu mpaka duara la mwanga lijae kioo, halafu kuza mara moja na nusu au mbili ili ukingo mweusi utoweke. Injini iwe imezimwa, vinginevyo kila kitu kinatetemeka.

Picha za mbuni dume huharibika kwa sababu moja: mtu anagusa kioo pale penye mwili mweusi, simu inaongeza mwanga, na manyoya meupe ya bawa yanageuka karatasi tupu. Gusa nyasi zilizo kando yake, kisha teremsha mwanga kidogo mpaka uone mistari ndani ya weupe. Weusi unaweza kuuangaza baadaye. Weupe uliokwisha kupotea haurudi.

Usipige picha juu ya boneti. Injini iliyozimwa dakika tano zilizopita bado inatoa joto, na mtetemo wake unaonekana kwenye picha hata saa 1 asubuhi. Geuza gari ubavu, piga kupitia dirisha la pembeni. Mkitaka magorofa ya jiji nyuma ya mbuni, kaeni kusini mwake mkitazama kaskazini. Kwa Septemba mwanga wa asubuhi utatoka kulia kwenu na utamchora shingo vizuri. Na beba kitambaa kikavu cha pamba, kwa sababu vumbi la moramu hukaa kwenye lenzi ya simu na kila picha inatoka na ukungu. Puliza kwanza ndipo ufute, usije ukakwaruza lenzi kwa mchanga.